Uzoefu wangu: kujaza fomu ya serikali mtandaoni nikiwa sioni, kabla na baada ya kurekebishwa

Mimi sioni kabisa tangu nikiwa darasa la tano, na kompyuta natumia kwa NVDA. Kwa ambao hamuijui, hii ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, ni ya bure, aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006 na yeye mwenyewe haoni, ndo maana hata mtu mwenye mshahara wa ualimu anaweza kuwa nayo. Kwenye simu natumia TalkBack, kazi yake ni hiyo hiyo. Sasa nimeona niandike kuhusu tovuti ya taasisi moja ya umma, jina siweki, maana nimeitumia mara mbili, mwaka jana na mwezi uliopita, na ni ka vitu viwili tofauti.

Mwaka jana nilifungua ukurasa wa maombi, NVDA ikaanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu. "Jina la ukoo" nilirudia mara nne ndo nikaelewa. Baadae nikaambiwa sababu: kwenye kodi ya ukurasa, yani maandishi ya kompyuta yanayoutengeneza, kuna sehemu unataja lugha, na wao walikuwa wameacha "en" badala ya "sw", kwahiyo programu inaamini ni Kiingereza na inabadili sauti. Yani herufi mbili tu.

Alafu fomu yenyewe. Maneno "Namba ya simu" yapo pale juu ya kisanduku, anayeona anayaona, ila hayajaunganishwa na kisanduku chenyewe, kwahiyo nikibonyeza Tab nasikia tu sehemu ya kuandika, tupu, naenda mbele, sehemu ya kuandika, tupu, hivyo hivyo mara kumi na moja. Nikabahatisha, ya kwanza itakuwa jina, ya pili itakuwa la baba, nikajaza zote nikatuma. Ikagoma, ikaandika rekebisha sehemu zenye rangi nyekundu. Nikaanza upya, nikafika kwenye kapcha, lile jaribio la kuonyesha wewe ni mtu na si roboti, ni picha na haina sauti, nikiwa nahangaika nayo muda ukaisha nikatolewa nje, kila nilichoandika kimefutika. Hapo nilikuwa nimekaa saa mbili na nusu.

Kesho yake nikaenda steshenari. Kijana wa pale ni mpole sana, hana kosa lolote, akaniambia dada nitajie namba ya NIDA nikataja, tarehe ya kuzaliwa nikataja, haya na neno la siri unataka liwe lipi. Nyuma yangu kuna watu wamepanga foleni ya fotokopi wananisikia. Nikalitaja. Nililipa elfu tatu nikarudi nyumbani, na usiku ule sikulala vizuri, maana mimi nafundisha, naandaa mitihani, napika, natembea mjini peke yangu na fimbo yangu, alafu siri zangu nazitangaza mbele ya watu wasionijua kwasababu kisanduku hakina lebo.

Nikapiga simu kwenye ile taasisi. Siku tatu nazungushwa, ya nne nikaunganishwa na kaka mmoja wa tehama. Nikamwambia kaka usikate, nakuwekea simu karibu na spika usikilize ukurasa wenu unavyosomeka kwangu. Akasikiliza kimya. Alafu akasema, "Samahani dada, hebu rudia hapo kwenye namba ya simu." Nikarudia. Akasema hajawahi kumsikia mtu anatumia kompyuta namna hiyo na kwamba lebo ni kazi ya siku moja. Kweli bwana, baada ya wiki mbili akanipigia mwenyewe nijaribu.

Mwezi uliopita nikaingia tena kuhuisha maombi. Kiswahili kinasomwa Kiswahili. Nabonyeza H naruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, nabonyeza F nafika kwenye kisanduku na kinajitaja jina, nikikosea inanisomea kosa lenyewe, kwamba namba ya simu imepungua tarakimu moja. Kapcha ya picha wameitoa, wanatuma namba ya uthibitisho kwa meseji. Hata kontro namba, ile ya kulipia, wameitenga kwa mafungu, zamani ilikuwa inasomwa kama mabilioni mpaka niipitie tarakimu moja moja kwa mshale. Dakika ishirini na mbili nimemaliza, chumbani kwangu, mlango umefungwa.

Kasoro zipo bado. Mwongozo wa maombi ni karatasi iliyoskaniwa ikawekwa kama PDF, kwangu ni picha tupu. Video ya maelezo haina maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama, rafiki yangu kiziwi aliangalia akaniambia hajaambulia kitu. Na mdogo wangu mwenye uoni hafifu anasema maandishi ya kijivu kwenye nyeupe yanamtesa, wakati WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na nyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu Tanzania tuliuridhia 2009, kifungu cha 9 kinataja hadi intaneti, na sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2010. Wenzetu Kenya mwaka 2022 walipata kiwango chao cha kitaifa cha mambo haya, KS 2952. Mimi ningependa kila tovuti ya umma ijaribiwe na mtu asiyeona kabla haijafunguliwa, alipwe posho yake kama mtaalamu mwingine yeyote, maana hapa ilibidi nipige simu mimi.

Nyota nawapa nne kati ya tano, ya tano naishikilia mpaka mwongozo usomeke.

Kwa wenzangu wa NVDA: kwenye ukurasa wa viambatisho usitafute kwa Tab, bonyeza B, kitufe cha kupakia ni cha pili, na picha ya pasipoti iandae mapema kwenye folda yake maana muda bado ni dakika thelathini tu.