TAHADHARI: Vikopo vya Humbrol "vya zamani" vinavyouzwa Mtwara na Lindi vimejazwa rangi ya mageti

Ndugu zangu mnaounganisha ndege, meli na treni za plastiki, na hasa ninyi wachache mnaokusanya rangi za Humbrol, zile za modeli za Uingereza, zilizoacha kutengenezwa, naomba msome hili kabla hamjatuma pesa yoyote.

Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua ya huku kwetu Kusini akitangaza "stoo ya mzungu". Maelezo yake hayabadiliki: eti kulikuwa na mhandisi wa kigeni aliyeishi Mikindani miaka ya 1970, akaondoka akaacha masanduku ya rangi za modeli, na yeye ndiye aliyeachiwa funguo. Kikopo anauza sh 35,000, na ukichukua kumi anakushushia hadi 30,000. Anaandika vizuri, anajibu haraka, na istilahi za hobi hii anazijua. Ndiyo maana watu makini wamenasa.

Jina simtaji, kwa sababu analotumia Masasi silo analotumia Lindi, na laini za simu anabadilisha kila akishtukiwa. Mtambueni kwa bidhaa yake na kwa njia zake.

Mwalimu mmoja wa Masasi alinunua kwake vikopo sita, akaniletea nyumbani Shangani, hapa Mtwara, niviingize kwenye orodha yangu ya rangi za zamani. Alivifunga kwenye kitenge, kimoja kimoja, kwa jinsi alivyovithamini. Ilikuwa ile seti ya Authentic Colours, ambayo Humbrol walikuwa wakiitoa miaka ya 1970 kwa rangi za majeshi: HB kwa ndege za Uingereza, HG za Ujerumani, HU za Marekani. Seti hiyo iliacha kutengenezwa zamani sana, na kikopo ambacho hakijawahi kufunguliwa ni kitu cha kutafuta kwa miaka. Mwalimu alikuwa na haki ya kufurahi.

Mimi nilishtuka kabla sijafungua hata kimoja. Ukingo wa kikopo ulikuwa unang'aa. Anayeishi karibu na bahari anajua chumvi inavyokula bati hapa: bawaba za madirisha, misumari, hata wembe uliousahau juu ya ndoo ya maji. Vikopo vyangu vya kweli nimevifungia ndani ya dumu lenye mfuniko wa kubana, na bado vina kutu pale mfuniko unapokutana na ukingo. Hivi sita vimekaa Mikindani zaidi ya miaka arobaini bila hata doa?

Nikalowesha kidole, nikasugua namba iliyo juu ya mfuniko. Wino ukatoka na kidole, ukaacha mkwaruzo wa zambarau. Hiyo ni karatasi ya gundi iliyotoka kwenye printa ya stesheneri. Kwenye vikopo vyangu maandishi yamechapwa kwenye bati lenyewe. Hata usugue mpaka kesho hayatoki. Pembeni ya mfuniko, chini ya lenzi, kulikuwa na vidonda vya bisibisi sehemu tatu, na kwenye mfereji wa ndani kulikuwa na mabaki ya rangi mbili tofauti. Kikopo ambacho hakijafunguliwa tangu kiwandani hakiwezi kuwa na mabaki hayo.

Kimoja kilikuwa na msimbo pau (ile mistari ya barcode) ubavuni. Bidhaa ya kwanza kabisa kupitishwa kwenye mashine ya kusoma msimbo pau dukani ilikuwa mwaka 1974, huko Ohio, Marekani. Uingereza walifuata baadaye, kwa hiyo msimbo huo kwenye kikopo cha Uingereza cha miaka ya 1970 unatia shaka. Kikopo kingine kilikuwa na jina la Hornby chini kabisa, herufi ndogo. Humbrol ilianzia Hull, Uingereza, mwaka 1919 ikiwa kampuni ya mafuta, na Hornby waliinunua mwaka 2006, baada ya kampuni kufilisika mwaka huo huo. Kwa hiyo huyo mhandisi wa miaka ya 1970 aliacha kikopo chenye jina la mmiliki aliyekuja zaidi ya robo karne baadaye. Kopo ni halali, ila ni la juzi juzi. Lilikwisha rangi, likaoshwa, likabandikwa karatasi na kujazwa upya.

Tukafungua kimoja, mwalimu akiwa amekaa pale pale. Enameli ya zamani, yaani rangi ya mafuta ya modeli, iliyotulia miaka yote hiyo huwa imejitenga: unga mzito umezama na kushikana chini kiasi kwamba kijiti kinagoma, mafuta ya manjano yamebaki juu. Unaikoroga taratibu muda mrefu kabla haijawa rangi. Hii ilikuwa nyepesi na sawasawa kutoka juu hadi chini, na ilinuka tina ya gereji. Nikaipaka kwenye kipande cha plastiki. Chini ya lenzi zikaonekana chembe nyeupe nyeupe, kama kwenye uji ambao haukukorogwa vizuri. Ni chaki au poda iliyotiwa ili kuua mng'ao. Rangi ya kweli ya Humbrol isiyong'aa hukauka ya kugusika ndani ya saa chache. Hii hata kesho yake kidole kilikuwa kinaacha alama. Ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile tunayopaka mageti na nondo za madirisha, kidogo kidogo kwenye kopo la mililita 14. Galoni moja inajaza makopo mengi mno, na kila moja anauza 35,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Aliniambia zile pesa alikuwa ameziweka tangu msimu wa korosho.

Hela inauma, lakini kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, na naomba mlielewe vizuri. Sisi tunaoorodhesha rangi hizi hatukusanyi makopo kwa ajili ya kuyapanga kabatini. Kiwanda kinaweza kubaki na namba ile ile huku kikibadilisha rangi iliyomo; picha za zamani zimefifia; skrini ya simu yako na yangu hazionyeshi kijani kimoja. Ushahidi unaobaki ni rangi yenyewe, iliyotoka kwenye kopo lililofungwa kiwandani. Ndiyo maana kwa kila kikopo naandika namba, jina, kama inang'aa au haing'ai, maandishi yote yaliyoko kwenye kopo hadi chini, kisha napaka kipande cha plastiki, nusu juu ya msingi mweupe, nusu juu ya kijivu, nakifungia kwenye bahasha isiyopitisha mwanga. Penye kadi rasmi nalinganisha. Wamarekani walikuwa na kadi zao za FS 595 tangu mwaka 1956, tarakimu tano kwa kila rangi, ya kwanza ikieleza mng'ao: 1 inang'aa, 2 kiasi, 3 haing'ai kabisa. Mwaka 2017 kiwango hicho kilifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na kingine. Hata kadi, basi, zina mwisho wake.

Sasa kipande kimoja cha rangi ya geti kikiingia kwenye orodha kwa jina la HB fulani, mtu wa Dodoma au wa Nairobi atakichukua kama ukweli, atachanganya rangi yake kukifuata, na mwingine atamfuata yeye. Kosa hilo halina pa kurudishwa. Mwizi wa pesa unaweza kumshtaki. Rangi iliyopotoshwa nani ataikumbuka ilivyokuwa?

Na huyu mtu amelijua hilo. Miaka mingi nimekuwa nikiulizia hadharani rangi za injini za Reli za Afrika Mashariki, ile damu ya mzee ambayo kila mzee anaikumbuka kivyake. Nia yangu ni kutengeneza kipande cha Reli ya Kusini, ile ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa sababu ya mradi wa karanga na kufungwa mwaka 1962. Haikuchukua muda baada ya kuulizia tena, akanitumia ujumbe kwamba kwenye stoo ya mzungu kimepatikana kikopo cha Humbrol kilichoandikwa jina la rangi ya East African Railways. Katika orodha zote za kiwanda nilizowahi kushika, hakuna rangi yenye jina hilo. Anasoma tunachokitafuta, kisha anatutengenezea. Mkiona kitu mlichokiulizia wiki iliyopita kinaletwa na mtu huyo huyo, tena na jina mlilolitaja ninyi wenyewe, kaeni macho.

Njia yake ya pili haihitaji hata kopo. Mdogo wangu mmoja wa Lindi, fundi simu, anapenda rangi za Floquil, zile za Marekani za treni ambazo ziliachwa kutengenezwa mwaka 2013. Alitumiwa picha ya sanduku zima la chupa, akaambiwa liko kwa ndugu wa muuzaji Uingereza na litakuja kwa ndege. Akalipa nusu. Baadaye ukaja ujumbe kwamba mzigo umezuiwa uwanja wa ndege Dar, atume sh 180,000 za forodha. Akatuma. Ukaja mwingine wa "gharama za maabara". Alipoanza kuhoji, laini ikazimwa.

Ile picha ameniletea nikaikuza. Nyuma ya sanduku, chini ya dirisha, kuna mabomba ya bati ya kupashia chumba joto. Hiyo ni nyumba ya nchi ya baridi. Na picha hiyo hiyo muuzaji alikuwa ameshamtumia mwalimu akimwambia ni chumba cha Mikindani.

Jueni pia kwamba enameli na Floquil ni vimiminika vinavyoshika moto. Kwenye usafirishaji rangi za aina hii zina namba UN 1263 na ziko daraja la 3 la mizigo hatari. Hazipokelewi kwenye kifurushi cha kawaida cha posta ya ndege. Anayekwambia ametuma sanduku la Floquil kwa posta ya ndege, ama anadanganya ama anahatarisha ndege ya watu. Na ushuru wa serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), wala haulipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Ukitaka kununua kwa mtu usiyemjua, mwombe aweke kikopo juu ya karatasi yenye neno utakalomchagulia wewe, apige picha ya mfuniko, ya ukingo kwa karibu na ya chini ya kopo. Huyu bwana nilipomwomba ya chini alisema simu imeharibika kamera, lakini picha za mbele zikaendelea kuja. Mzigo ukitoka Dar au popote kwa basi, taka stakabadhi ya basi yenye jina lako kabla ya kulipa chochote. Mwalimu aliambiwa mara uko Nangurukuru, mara umeshapita Mingoyo, huku basi lenyewe halitajwi. Njia iliyo salama ni kumpata mtu wa kuaminika aliye karibu na muuzaji, akakishike kwa mkono ndipo pesa itoke.

Ukiwa umeshalipa, usifute meseji wala muamala. Nenda kituo cha polisi chukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu mambo haya haya. Namba aliyotumia itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenda 15040. Na kama ulimpa picha ya kitambulisho chako, kama alivyomwomba kijana wa Lindi "kwa ajili ya forodha", piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako.

Jambo la afya, hasa kwa wenye watoto: rangi nyingi za zamani, za manjano na nyekundu zaidi, zilitengenezwa kwa madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Rangi ya kweli ya miaka hiyo haifai kusuguliwa msasa ikavutwa puani, wala kuachwa mtoto achezee. Na hizi za huyu bwana hakuna anayejua ametia nini, kwa hiyo zote zishikeni kwa tahadhari ile ile, dirisha likiwa wazi.

Kwa wenzangu wenye orodha: kama mmeingiza kipande chochote kilichotoka "stoo ya Mikindani", msikifute. Kiandikeni pembeni "chanzo hakiaminiki", kitoeni kwenye rangi za kulinganishia, na hifadhini kopo lake. Anayebaki na kopo lililofungwa asilifungue. Alipige picha chini na kwenye ukingo anitumie, nataka kujua ni makopo ya miaka gani anayotumia kujazia. Vikopo vitano vya mwalimu havijafunguliwa, vimehifadhiwa kama vielelezo, na RB tunayo ya Mtwara mjini. Wewe wa Lindi, Masasi, Newala au Nachingwea uliyetuma pesa kwa maelezo haya ya mzungu na funguo, leta miamala yako tuiunganishe kwenye shauri moja, maana tumeambiwa malalamiko ya watu kadhaa yenye namba zinazofanana yana nguvu kuliko la mtu mmoja.