Mstari chini ya viungo: alama za juu kwa text-underline-offset

Katika zana zote za CSS (lugha ya kupambia kurasa za wavuti) za kupambia viungo vya blogu, hii ndiyo ninayoipa alama za juu. `text-underline-offset` ina kazi moja tu: kuushusha mstari kutoka kwenye herufi. Safari ilitangulia kuipokea, Firefox ikafuata 2019, Chrome 2020.

Mwenzangu unayeandika kwa Kiswahili utaelewa kwa nini naishabikia. Maandishi yetu yamejaa g, j, p na y. Vivinjari vya leo huukata mstari kila unapogongana na mikia ya herufi (ni kazi ya `text-decoration-skip-ink`, ambayo huwa imewashwa hata usipoiomba). Sasa weka kiungo kwenye maneno “mgogoro wa nyumba mpya ya jirani” uone: mstari unabaki mapengo matupu, kama kinywa cha mzee. Nilipoandika `0.25em` ulishuka chini ya mikia yote ukawa mzima tena. Fonti yako inaweza kutaka 0.2 au 0.3. Ila tumia em (kipimo kinachofuata ukubwa wa herufi), si px (kisichobadilika), ili kichwa cha habari chenye herufi kubwa nacho kipate nafasi inayokifaa.

Ujanja wa zamani wa kuchora mstari kwa `border-bottom`, yaani mpaka wa chini, sasa ustaafu. Mpaka ule hukaa mbali mno na maneno, na mistari ya aya ikibanana huingilia maandishi ya chini yake.

`text-decoration-thickness`, ya unene wa mstari, ni nzuri, sina zaidi. Niliyoipenda kuliko nilivyotarajia ni `text-decoration-color`: herufi zikabaki na rangi iliyokolea, mstari ukapauka kidogo, na aya yenye viungo vingi haimchoshi msomaji macho.

Wanaoufuta mstari kabisa kwa `text-decoration: none` halafu wakaurudisha kwenye `:hover` wananishangaza. Kwenye simu kuna kipanya gani cha kupitisha juu ya kiungo? Ukitegemea rangi peke yake, mwongozo wa WCAG (wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo) unashauri rangi ya kiungo na ya maandishi yanayokizunguka zitofautiane kwa uwiano wa 3:1 walau, na mandhari nyingi za bure nilizozifungua hazifiki hapo. Tena nyingi zimeweka `outline: none`, inayofuta mpaka wa kiungo kilichochaguliwa, kwa hiyo anayetembea kwa kibodi hajui yuko kiungo kipi. Andika `:focus-visible` umpe mpaka unaoonekana.

`:visited`, ya viungo vilivyokwisha kufunguliwa, naipa alama za kati, ingawa kosa si lake. Tovuti ziliwahi kuitumia kuchungulia mahali msomaji alikopita, vivinjari vikaibana: unaruhusiwa kubadilisha rangi, basi. Unene wa mstari au alama ya vema pembeni, sahau. Tangu Chrome 136 ya mwaka 2025 masharti yamekaza zaidi, kiungo cha kwenda tovuti nyingine huhesabiwa kimetembelewa pale tu msomaji alipokibofya akiwa kwenye tovuti yako. Kwa blogu yenye kumbukumbu ndefu bado inafaa, maana msomaji anaona makala zipi amekwisha kuzifungua. Mimi nimeiachia zambarau. Angalia tu mpangilio: `:link`, `:visited`, `:hover`, `:active`. Zote nne zina uzito sawa, inayokuja mwisho ndiyo inayoshinda, kwa hiyo `:visited` ikikaa chini ya `:hover` zambarau itaifunika rangi yako ya kupitishia kipanya.