Mafunzo ya uongozi ya siku tano: kujitambua tele, utamaduni wa kazi kiduchu

Kampuni iliyoandaa mafunzo haya iliyanadi kwa ahadi mbili: kwamba kiongozi angejitambua, na kwamba angejifunza kuusoma utamaduni wa taasisi yake ili utendaji uimarike. Ahadi ya kwanza ilitimizwa kuliko nilivyotarajia, ilhali ya pili ilipapaswa tu.

Kilichonifaa zaidi ni tathmini ya pande zote, yaani dodoso ambalo mshiriki hujaza kuhusu nafsi yake, kisha hujazwa na mkuu wake, wenzake wa ngazi moja na walio chini yake. Katika kipengele cha kusikiliza nilijipa alama nne kati ya tano, na mkuu wangu akanipa nne vilevile, lakini walio chini yangu walinipa mbili. Mwezeshaji hakunihubiria. Aliniuliza tu ni watu wangapi niliowakatiza kauli katika kikao changu cha mwisho, nami nikajikuta nahesabu kwa vidole. Kumbe nilikuwa msikivu kwa mwenye mamlaka juu yangu, na kwa asiye nayo nilikosa subira.

Baada ya matokeo hayo ndipo tulipofundishwa Dirisha la Johari, mchoro wa maeneo manne unaotenganisha unayoyajua na usiyoyajua kujihusu na yale ambayo wengine wanayajua au hawayajui kukuhusu, lililobuniwa mwaka 1955 na wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham, ambao majina yao ya kwanza ndiyo yaliyounganishwa kupata hilo la Johari. Mpangilio huo ulikuwa wa busara, kwa sababu eneo la mambo ambayo wengine wanayaona kwako nawe huyaoni halikuwa tena mchoro wa ubaoni, bali lilikuwa na alama zangu mbili ndani yake.

Dosari moja ya dodoso ni usiri. Mshiriki mwenye wasaidizi wawili tu alitambua mara moja nani ameandika nini, na sidhani kama wasaidizi hao watajaza kwa ukweli mara nyingine.

Utamaduni wa taasisi ulitengewa mchana mmoja. Tulionyeshwa ngazi tatu za utamaduni za mtaalamu wa taasisi Edgar Schein: yanayoonekana kwa macho, yanayotamkwa kuwa ndiyo maadili ya taasisi, na imani zilizozama ambazo watu hawazitaji tena kwa kuwa wanadhani ndivyo mambo yalivyo. Kisha, ajabu, tukapewa manila na kalamu tuandike maadili tunayoyapenda, yaani zoezi la ngazi ya pili peke yake. Hakuna aliyetuuliza ni nani aliyepandishwa cheo mara ya mwisho na kwa sababu gani, au ni yapi yaliyomkuta mtu wa mwisho aliyeleta habari mbaya kikaoni.

Utafiti wa Amy Edmondson, msomi wa utendaji wa timu, ulitajwa kwa dakika chache, nami naona ndio uliostahili siku nzima. Alipochunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zenye uhusiano mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo walithubutu kuyasema. Hapo ndipo ahadi zile mbili zinapokutana, kwa kuwa kiongozi hawezi kuambiwa ukweli juu yake mahali ambapo kusema ukweli kunamgharimu msemaji, na taasisi inayopima utendaji kwa kuhesabu makosa yaliyoripotiwa huishia kuituza timu iliyonyamaza.

Miezi mitatu imepita. Katika vikao vya kitengo changu sasa nazungumza mwisho, na mabishano yameongezeka, jambo ninalolihesabu kuwa faida. Katika kikao kikuu, ambacho mkuu wetu hukifungua kwa uamuzi alioufikia tayari, hakuna kilichobadilika, naye hakuhudhuria mafunzo. Ufuatiliaji wa kampuni ulikuwa fomu moja ya kuuliza kama tuliridhika na ukumbi.

Timu inayoweza kwenda pamoja na mkuu wake ningeishauri iende, ila idai siku ya pili ya utamaduni badala ya manila. Anayekwenda peke yake anahitaji dodoso na kikao cha ana kwa ana na mwezeshaji tu. Niliuliza kama vinauzwa kando, nikajibiwa kwamba haviuzwi.