Matango: yatambae chini au yapande kwenye kamba?

Kwa gharama, kutambaza kunashinda bila ubishi: mbegu, samadi, nyasi za kutandaza, basi. Kupandisha kunadai nguzo za mianzi au mirunda, kamba za katani, na kila baada ya siku mbili tatu uelekeze mashina.

Nafasi ni habari nyingine. Mche uliopandishwa hutosheka na sentimita 30 hivi. Unaotambaa hutaka mita nzima na zaidi, na kuku wa jirani watakuonyesha kazi.

Masika ndipo tofauti inapouma. Chini majani hayakauki, ugonjwa wa majani uitwao ubwiri vinyoya unaingia, na tunda linalolalia tope linaoza. Juu, upepo hukausha majani, na tango linaning'inia limenyooka, unaliona. (Mimi nimeyasahau mengi chini ya majani hadi yakawa magogo ya njano.)

Kiangazi mambo hugeuka. Mmea unaotambaa hufunika udongo wake. Wa kwenye kamba hukaukiwa haraka, na tango lililokosa maji huwa chungu.

Una eneo kubwa na maji ya kubahatisha? Tambaza. Una ua mdogo na bomba karibu? Pandisha; kama uzio wa seng'enge upo, hata nguzo hununui.