Pamper na coddle, ipi ni ipi?

Ni maneno ya Kiingereza, na zote mbili watu husema ni kudekeza lakini wallahi haziko sawa. Pamper ni raha, kama vile bi harusi wa Mji wa Kale, Mombasa, anavyosingwa kwa liwa na waridi, anapakwa hina, anafukizwa udi, yeye kazi yake kukaa tu manake kila kitu anafanyiwa, na hata mwenyewe waweza kujipamper. Zamani pamper ilikuwa kumlisha mtu mpaka avimbiwe, halafu 1961 zikaja nepi za Pampers na sasa Mombasa nepi ya kampuni yoyote ni pampasi tu. Coddle ina lawama ndani yake: mwanamume na ndevu zake, mamake bado amtolea miba ya samaki. Bi harusi usimwambie hiyo, atakununia.