Pampu ya joto ya lita 200 kwa maji ya kuoga: inapofaa na inapomaliza tokeni bure

Kwa nyumba ya watu watano Nairobi au Arusha, yenye bafu mbili na sinki la jikoni, hatuoni hita ya umeme inayoishinda pampu ya joto ya lita 200, ile ambayo mashine na tangi vimeungana. Kwa watu wawili kwenye fleti ya kupanga, shawa ya umeme inatosha.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Feni huvuta hewa ya nje, gesi iliyomo mabombani hufyonza joto lake, kisha kompresa huibana gesi hiyo ili joto liingie kwenye maji. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji joto la uniti 8.1. Hita ya koili inakulipisha zote. Pampu inayotoa joto mara tatu ya umeme wake inakulipisha 2.7. Mombasa, hewa ikiwa nyuzi 30, matokeo ni bora zaidi. Alfajiri ya Julai huko Nairobi yanashuka, kwa hiyo weka taima ianze saa tano asubuhi. Kompresa ya wati 700 hukamilisha kazi kwa takriban saa nne.

Wauzaji hutia chumvi wanapolinganisha na tangi la koili tu, ilhali nyumba nyingi zinatoka kwenye shawa ya umeme. Shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika nane hula uniti 0.67, watu watano, 3.3. Kwa maji hayohayo pampu hula kama 1.1, na kidogo juu yake kwa joto linalopotea tangini. Akiba ni kama uniti mbili kwa siku, na hiyo ni iwapo familia haitaanza kuoga kwa starehe (itaanza). Tunaona faida kubwa iko kwingine: mzigo wa wati 700 unabebwa na sola na inveta ya kilowati 3. Shawa ile haibebeki.

Ufungaji ndiko mambo huharibikia. Ukiifungia kwenye stoo ndogo, mashine huipoza hewa ileile inayoitegemea, ufanisi huanguka, na koili ya akiba huingia kazini. Iweke veranda ya nyuma, chini ya paa, mbali na dirisha la chumba cha kulala, maana feni inavuma. Ikijaa maji ina uzito wa kama kilo 300, basi mwaga zege kwanza. Maji yanayotona kutoka kwenye mashine yanahitaji bomba lake la kutolea. Pwani hutona mengi. Bomba la maji moto liwe la PPR, plastiki inayostahimili joto, lenye sponji, kwani PVC ya kawaida hulegea. Kati ya tangi na vali ya usalama, ile inayoachia presha ikizidi, pasiwe na koki yoyote, na bomba la vali hiyo lielekee chini, mdomo wazi. Tangi la darini lililo mita 3 juu ya shawa hutoa presha ya bar 0.3 tu, kwa hiyo panga na pampu ya kuongeza presha.

Kabla fundi hajaondoka, mwambie apime ampea. Kompresa peke yake huvuta kama 3. Ukiona 9, koili ya wati 1,500 imewashwa pia. Mafundi huiacha hivyo baada ya kujaribu mashine, halafu mwenye nyumba analalamika tokeni inaisha upesi. Irudishe kwenye hali ya kompresa pekee, ila mara moja kwa wiki acha koili ifikishe maji nyuzi 60 kuua bakteria. Gadi ya umeme iwe ya ampea 16 au zaidi, yenye kuchelewesha kuwaka dakika chache umeme unaporudi. Kompresa hufa kwa umeme wa kuzimazima.

Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikague kila mwaka, mapema zaidi kwa maji ya kisima, na acha nafasi ya kuichomoa. Tumeona matangi yaliyobanwa dari hadi fimbo haitoki. Uliza pia gesi ni ipi. R290 ni propani na inawaka, hivyo fundi wa friji asiyeizoea asiiguse kwa moto wa kuchomelea.