Uzoefu wangu: upanga wa mapambo wa Kijapani kutoka Seki

Upanga huu nimeununua mjini Seki, mkoa wa Gifu, kwa yen 46,000. Ni wa mtindo ambao Wajapani huuita itomaki no tachi (tachi ni upanga mrefu unaoning'inizwa kiunoni): kamba ileile iliyofungwa mpinini inaendelea kwenye sehemu ya juu ya ala, na ala yenyewe imepakwa laka ya hudhurungi iliyonyunyizwa chembe za rangi ya dhahabu. Umekaa sebuleni kwangu Nagoya muda wa kutosha kuujua ulipo mzuri na ulipo hafifu. Kila Mswahili anayeingia ndani huniuliza mambo mawili: bei yake, na kama unakata.

Haukati. Bapa lake si chuma, ni mchanganyiko wa zinki na alumini uliopakwa kromu, na ukilisogezea sumaku ya friji halishiki kabisa. Watu wakisikia hivyo hudhani nimeibiwa, lakini hii ndiyo njia halali ya kuuza kitu kama hiki Japani. Sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958 inataka upanga wa chuma wenye bapa la sentimita 15 kwenda juu uwe umesajiliwa, na usajili huo hutolewa kwa panga zinazohesabiwa kuwa kazi ya sanaa, zilizofuliwa kwa njia ya jadi. Fundi lazima awe na leseni, na panga ndefu haruhusiwi kutengeneza zaidi ya mbili kwa mwezi. Ndiyo maana upanga mpya wa kweli unaweza kukaribia yen milioni moja, au kupita hapo kwa mbali ikiwa fundi ana jina. Viwanda vya panga za mapambo hutumia aloi ambayo hata ukiinoa haiwezi kushika makali ya maana. Kwa hiyo ukikuta hapa Japani mtu anakuuzia upanga wa chuma kwa bei ya chini bila hati ya usajili, ondoka hapo.

Mwenye kutaka bapa, kwenye upanga huu hapati kitu, na nalisema hilo mapema ili asipoteze hela. Upanga wa kweli una mstari wa mawimbi kando ya makali. Mstari ule hutokea fundi anapolipaka bapa udongo, mwembamba upande wa makali na mnene upande wa mgongo, akalitia motoni kisha akalizamisha kwenye maji. Makali yanapoa haraka na kuwa magumu, mgongo unapoa polepole na kubaki na unyumbufu, na mpaka wa hali hizo mbili ndio unaoonekana. Kwenye Jumba la Makumbusho la Sanaa la Tokugawa, hapahapa Nagoya, ukiinama kidogo mbele ya kioo hadi taa iangukie bapa, unaona mstari ule una vitu ndani yake: chembe zinazometa, ukungu, nyuzi nyembamba. Wangu umechorwa na mashine. Ni mweupe wa kufifia kutoka mwanzo hadi mwisho, sawasawa, na kina hauna. Kromu nayo ina mng'ao mkali mno, ambao chuma kilichosuguliwa kwa mawe hakiwi nao.

Sasa kwa nini nikatoa hela mfukoni? Kwa sababu Wajapani wenyewe tangu zamani wamelihesabu bapa kuwa kitu kimoja na vazi la upanga kuwa kitu kingine. Bapa la thamani hutunzwa ndani ya ala ya mti mtupu, bila nakshi. Vazi lake, yaani mpini, bamba la kukinga mkono, ala na kamba zake, huwekwa mbali likiwa na bapa la mbao ndani ili lisipoteze umbo. Makumbusho mengi huyaonyesha mavazi hayo peke yake, na watu hujipanga kuyatazama. Tena mtindo huu niliochukua, enzi za Edo (1603 hadi 1868), mabwana wakubwa walikuwa wakipeana kama zawadi na kuutoa kwa mahekalu. Aliyekulia Zanzibar na kuona jambia la Kimanga ataelewa upesi: macho ya watu huenda kwenye fedha ya ala na mpini, na bei huenda hukohuko. Nimeununua upanga huu kama vazi, na kama vazi nautathmini.

Tuanze na mpini, maana ndipo muuzaji mbaya anapokamatwa. Usogeze karibu na dirisha. Chini ya kamba kuna kitambaa cha zari, chekundu cha damu ya mzee chenye maua ya uzi wa dhahabu. Katana za kawaida, yaani panga zinazochomekwa mshipini, huwa na ngozi ya samaki taa mahali hapo, na kwenye panga za bei rahisi huwa ni plastiki yenye vipele. Kamba ni ya utepe, ya buluu iliyokolea, inapishana na kuacha madirisha ya umbo la almasi pande zote mbili. Tazama makutano yake. Kwenye kazi safi, utepe uliopita juu kwenye makutano haya hupita chini kwenye yanayofuata, na zamu hiyo haivunjiki kutoka kwenye bamba hadi kwenye kofia ya mpini. Kwenye wangu haijavunjika mahali popote. Kisha bonyeza pembe za almasi kwa kidole gumba. Zangu hazisogei, kwa sababu chini ya kila pembe pamewekwa kikunjo cha karatasi kinachoushika utepe usilale. Fundi mvivu huruka karatasi hizo. Siku ya kwanza huoni tofauti, baadaye kamba inaanza kutembea na madirisha yanapinda. Nilizishika panga kadhaa dukani, nyingine zenye nakshi kuliko huu, nikazirudisha kwa sababu hiyo tu.

Mzee wa dukani aliona ninachotafuta. Akatandika kitambaa mezani, akauweka upanga, akausukuma kwangu bila neno, akaniachia muda.

Ala ndiyo inayowapendeza wageni wangu zaidi. Ule unga wa dhahabu umenyunyizwa kabla ya tabaka la mwisho la laka, kwa hiyo hauko juu, unaonekana kama uko chini ya maji. Mchana ni hudhurungi tu, taa ikiwashwa jioni unawaka. Juu ya unga huo pamechorwa nembo ya mti wa kiri, majani matatu yenye mashina matatu ya maua juu yake, mti uleule ulio kwenye sarafu ya yen 500 na ambao serikali ya Japani huutumia kwenye nembo yake hadi leo. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani mwishoni mwa karne ya 16, aliitumia nembo hii, naye alizaliwa Nakamura, ambayo sasa ni sehemu ya Nagoya. Kulikuwa na upanga mwingine wenye majani matatu ya Tokugawa, ukoo uliotawala Japani enzi za Edo, nao upanga huo ulikuwa mzuri, ila mimi nakaa Nakamura na nilitaka wa kwetu. Laka si ile ya utomvu wa mti, ni ya kiwandani, na kwa bei hii sidai zaidi.

Vyuma vya mapambo vimesubuliwa, havikuchongwa kwa mkono. Unalitambua hilo kwenye kingo: mchoro uliochongwa kwa patasi una ukingo mkali unaoshika mwanga, hivi vyangu kingo zake ni za mviringo na mashimo yake hayana kina. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipopiga marufuku watu kutembea na panga, mafundi wa nakshi hizi walikosa kazi na wengi wakahamia kwenye vyombo vya mapambo vya kuuzwa Ulaya. Vitu vyao vipo makumbusho, na aliyeviona hatachanganya. Hata hivyo bamba la kukinga mkono la upanga wangu limetulia vizuri, lina umbo la petali nne, na halichezi hata ukiutikisa.

Kasoro ziko mbili zinazonikera. Kofia ya chuma kwenye ncha ya ala ilifika ikiwa imelegea, inazunguka ukiigusa. Gundi kidogo iliitengeneza, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanywa dukani. Ya pili ni stendi iliyokuja nayo, ya mbao za kubandika, imetengenezwa kwa katana. Katana huvaliwa na kuwekwa makali yakitazama juu. Tachi huning'inizwa kiunoni makali yakitazama chini, na ndiyo maana vishikizo vyake viwili vya kamba viko upande wa mgongo. Ukiuweka kwenye stendi ya katana makali juu, vishikizo vinagonga mbao na upanga unakaa kichwa chini miguu juu kwa yeyote anayejua. Wangu nauweka makali chini, ingawa stendi inautikisa.

Wengine huuliza kwa nini nisiagize mtandaoni panga zile za chuma cha pua zinazouzwa kwa bei ya chakula cha jioni. Rafiki yangu aliyeko Ujerumani alinionyesha wake alipoufungua. Ndani ya mpini hakukuwa na mkia wa bapa, palikuwa na fimbo nyembamba ya skrubu iliyochomelewa kwenye bapa, kama unene wa penseli. Mtoto akiuchezea na kuurusha mara moja, bapa linaweza kuchomoka likaruka. Wangu mkia wake unaingia ndani ya mpini na kushikwa na msumari wa mwanzi, kama panga za jadi. Lakini na huu pia haurushwi. Aloi ya zinki inavunjika ghafla. Mwenye kutaka kufanya mazoezi anunue ule unaotengenezwa kwa ajili ya mazoezi, na aseme hivyo dukani.

Matunzo ni mepesi. Kitambaa laini kikavu, mafuta mepesi tone moja likienea bapa zima, basi. Ule unga wa mawe unaopigwapigwa kwenye panga za kweli usiutumie hapa, utaikwaruza kromu. Na usiuweke panapopigwa na jua, maana kamba ya buluu huanza kuchujuka upande mmoja.

Kuhusu kuusafirisha: Japani hata upanga wa bandia huruhusiwi kutembea nao barabarani bila sababu ya maana. Dukani waliufunga ndani ya mfuko, ndani ya boksi refu, na risiti juu, nami nikapanda nao basi la kurudi Nagoya hivyo hivyo. Kwenye ndege ni mizigo ya chini tu. Anayetaka kuupeleka Dar au Mombasa aulize forodha ya huko kabla hajalipa, aulize kwa maandishi, na abaki na jibu.

Mwenye kwenda Seki asiishie kwenye maduka. Mji ule umefua panga kwa takriban miaka 700, na leo visu vya jikoni vya pale vinauzwa dunia nzima. Kuna makumbusho ya wahunzi, na siku za maonyesho unawaona wakifua chuma mbele yako. Ukishasikia nyundo zile ndipo uingie dukani kuchagua.

Kwa mwenye bajeti ndogo, chukua katana nyeusi ya kawaida yenye kamba iliyofungwa barabara kuliko tachi ya dhahabu tele yenye mpini wa plastiki. Mimi yen 46,000 zile ningezitoa tena kwa upanga huuhuu, ila ningeomba kofia ya ala ikazwe mbele yangu kabla boksi halijafungwa, na stendi ningemwagizia fundi seremala anichongee ya wima.